Rangi inabanduka Shela, na sofa ya watu saba imekwama Mokowe, gati ya bara

Kwa mshauri wa nyumba,

Assalaam aleikum. Marhumu baba alituachia nyumba ya mawe Shela, kisiwani Lamu, ya ghorofa moja na dari ya wazi iliyoezekwa makuti. Sisi twaishi Mombasa. Shela twaenda likizo za shule na Idi, na miezi mingine tungependa kuikodisha kwa wageni. Tini kuna daka (kibaraza cha mlangoni), kiwanda kidogo (ua wa ndani) na vyumba viwili vyembamba, kila kimoja futi 8 na nusu kwa futi 21. Juu mna vyumba viwili vya kulala na choo.

Mwaka jana fundi alitupigia plasta ya simiti kuta zote za tini, akapaka rangi nyeupe ya maji, ile ya plastiki inayoosheka. Ilipendeza miezi minne. Sasa kuanzia sakafuni hadi usawa wa kiuno rangi imefura kama lengelenge. Ukiigusa yapasuka, na nyuma yake mna unga mweupe wenye chumvi. Fundi asema turudie, safari hii atie simiti yenye dawa ya kuzuia maji. Moyo wangu haujakubali.

Kisha kuna suala la mtindo. Mimi nimependa zile nyumba ndogo za mashambani kule Uingereza: vitambaa vya maua, mapazia mazito, zulia, makochi ya kuzama. Mume wangu ataka nyeupe na buluu kama visiwa vya Ugiriki. Shangazi yangu wa Langoni, mtaa wa mji wa Lamu, atucheka sote wawili. Asema nyumba ya Lamu ishajipamba yenyewe, tutoe vitu badala ya kutia. Sote twataka ile hali ya kuingia tu mlangoni mtu akavua viatu na akahisi amefika, lakini hatuelewani njia.

Na katika kutoelewana huko tumenunua sofa ya watu saba. Imeshafika Mokowe kwa lori, na nahodha wa mashua ameuliza itapita mlango gani. Hatuna jibu.

Twapanga kuingia likizo ya Disemba. Hivi sasa ni mwisho wa Agosti. Tuanze wapi?

Mama Fatma, Mombasa

Tena: mavyaa wangu ameniletea doti 8 za leso za kupambia nyumba. Je, naweza kuzikata nishone foronya za matakia?

*

Waaleikum salaam, Mama Fatma.

Tuanze na sofa, maana ndiyo iliyo juani. Irudisheni Mombasa. Futi 8 na nusu ni kama sentimita 260. Kochi la siku hizi lina kina cha sentimita 90 hadi 95, kwa hiyo ukitazamisha mawili, katikati zinabaki kama 70, na meza hujaweka. Wageni watakaa magoti yakigusana kama abiria wa matatu. Hata kabla ya kufika chumbani, kochi lipite kichochoroni, lipande daka, liingie mlangoni, halafu likunje kona ya tekani (ukumbi mdogo wa kuingilia), iliyowekwa pale makusudi ili mpita njia asione kiwandani. Kona iliyozuia macho ya watu haitaliachia kochi la mita mbili.

Wembamba huo hauna kosa. Dari ya nyumba ya mawe imebebwa na boriti za mikoko, juu yake mawe na chokaa, na boriti hustahimili mzigo huo pale ambapo ukuta na ukuta havizidi mita tatu hivi. Urefu wa mti ndio uliokata upana wa chumba. Chumba cha namna hiyo hukaliwa kwa urefu wake, watu wakiwa bega kwa bega wakitazama kiwandani. Nitarudi hapo.

Sasa ukuta, na hapa msiwe na haraka. Simiti yenye dawa msiikubali. Kuta zenu ni mawe ya matumbawe na chokaa, nene, na chini yake hakuna tabaka la kuzuia maji kama msingi wa nyumba za leo. Maji ya ardhini hupanda ndani ya mawe kama mafuta ya taa kwenye utambi. Zamani yalitoka taratibu kupitia plasta ya chokaa, yakawa mvuke, na hakuna aliyejua kuwa yapo. Simiti na rangi ya plastiki zimeziba njia. Maji yakifika nyuma ya rangi hukwama, hukauka kidogo kidogo na kuacha chumvi. Chumvi ikiganda kuwa chembe hutaka nafasi, na nguvu yake hutosha kusukuma rangi, kisha plasta, na mwishowe uso wa jiwe lenyewe. Ule unga mliouona ndio huo. Dawa ya fundi haitakausha kitu. Unyevu utapanda juu zaidi kutafuta pa kutokea, na mwakani malengelenge yatakuwa usawa wa bega.

Kabla ya patasi, tafuteni maji yanayoongezeka bila sababu. Tazameni mlizamu (bomba la kutolea maji ya mvua) wa darini unamwaga wapi: kama maji yanarukia chini ya ukuta, urefusheni au wekeni mfereji. Sakafu ya kiwanda iwe na mteremko wa sentimita moja na nusu kwa kila mita, kuelekea kwenye tundu la maji na si kuelekea chumbani. Vyungu vya maua vilivyoegemezwa ukutani na kumwagiliwa kila jioni viondolewe. Bomba la choo cha juu likaguliwe kwenye viungo vyake. Na penye shaka, bandikeni kipande cha nailoni cha futi moja ukutani, kando zote kwa utepe, mkiache siku mbili. Matone yakiwa upande wa ukuta, maji yanatoka ndani ya ukuta. Yakiwa upande wa chumba, ni hewa nzito tu, na dawa yake ni kufungua madirisha.

Plasta ya simiti itolewe kwa patasi na nyundo ndogo, kuanzia sakafuni hadi futi mbili juu ya pale unyevu ulipoishia. Mashine ya kutoboa isiingie. Simiti ni ngumu kuliko tumbawe, na ikitikiswa kwa nguvu huondoka na uso wa jiwe. Chumvi ifagiliwe kwa burashi kavu, ikusanywe na kutupwa mbali. Mkiiosha mnaiyeyusha na kuirudisha ilikotoka. Kisha ukuta ubaki uchi wiki nne hadi sita, madirisha wazi, ukifagiliwa kila wiki. Mtafika katikati ya Oktoba. Ukuta hautakuwa umekauka: makisio ya kawaida ni kama sentimita mbili na nusu kwa mwezi, na wenu una nyingi. Haidhuru. Kinachotakiwa hapa ni ukuta unaopumua, na huo unaweza kukaa na unyevu wake miaka na mikaka bila kuchafua nyumba.

Plasta mpya ni ndoo moja ya chokaa kwa ndoo tatu za mchanga. Chokaa ya mfuko ilowekwe kwenye pipa siku moja angalau, wiki mbili ni bora, maji yakiwa yameifunika vidole viwili. Fundi akileta chokaa mbichi ya tanuu, aizime mwenyewe, nje, mbali na watoto, kwa kutia chokaa kwenye maji na si maji kwenye chokaa, kwa kuwa huchemka na kuruka. Miwani na glavu zivaliwe hata na anayekoroga tu. Ikiingia jichoni ni kuosha kwa maji safi mengi papo hapo, kisha hospitali.

Mchanga uulizwe umetoka wapi. Wa ufuoni una chumvi yake, na mtakuwa mmepaka ugonjwa uleule kwa mkono wenu. Wa vilima vya Shela usiguswe kabisa: chini ya vilima hivyo ndiko yanakohifadhika maji matamu ya Lamu. Agizeni wa bara, wenye chembe kali, uoshwe.

Ukuta unyunyiziwe maji, lipigwe tabaka la milimita 10, likwaruzwe, lisubiriwe wiki, ndipo la pili, na wiki nyingine. Kila tabaka lifunikwe magunia mabichi siku tatu nne. Hapa ndipo fundi wa simiti hukosea. Atataka kumaliza kwa siku moja, tabaka moja la inchi nzima. Nje itakauka, ndani itabaki laini, na baada ya mwezi mtakuwa na nyufa kama ramani ya mito. Juu ya yote huja niru, tabaka laini la chokaa la kumalizia, milimita mbili au tatu, inayosuguliwa kwa mwiko hadi ing'ae kidogo. Mtu aliyezoea kuta za Mombasa hushangaa mkono ukiteleza juu yake kama juu ya ganda la yai.

Rangi ni chokaa hiyohiyo, ichujwe kwa kitambaa, ilegezwe hadi iwe nyepesi kama maziwa. Tabaka nne au tano, moja kwa siku, ukuta ukilowanishwa kwanza. Tabaka la kwanza likiwa bichi halionekani, na mpakaji hudhani amepaka maji matupu, kwa hiyo huongeza uzito. Asiongeze. Chokaa nzito ikikauka huchubuka na kushika mashati ya wageni, nyepesi hugeuka nyeupe kadiri inavyokauka. Mkitaka rangi, tumieni unga wa rangi unaostahimili chokaa, kama ule wa oksidi ya chuma kwa manjano na wekundu, usiozidi gramu 50 kwa kilo ya chokaa, na mchanganye wa chumba kizima kwa mara moja, kwa kuwa ndoo ya pili hailingani na ya kwanza hata ufanyeje. Vyumba vya juu visivyo na unyevu viacheni na rangi yake. Pesa zina kazi nyingine.

Kuhusu mtindo, shangazi wa Langoni kawashinda nyote wawili, lakini si kwa mabao mengi.

Ile nyumba ya mashambani ya Uingereza ilitengenezwa kupigana na baridi. Dari iko chini ili joto la moto lisipotee, pazia zito lizibe upepo wa dirishani, zulia likinge miguu na sakafu ya baridi, kochi limkumbatie mtu. Kila kitu humo kinashika joto. Vileteni Shela na kila kimoja kitafanya kazi yake vizuri mno. Zulia litanyonya unyevu na kunuka ukungu kabla ya kusi kwisha, na pazia litazuia upepo mliosafiri kuufuata. Kinachofaa kuazimwa huko ni tabia yake ya kuchanganya: kiti kimoja cha zamani karibu na meza isiyolingana nacho, rafu ya vitabu vilivyosomwa, kitambaa chenye nakshi ndogondogo. Nyumba iliyonunuliwa seti nzima dukani hufanana na ofisi ya bima. Na kwa taarifa yako, vile vitambaa vya maua asili yake ni India, Waingereza waliviiga baadaye. Bahari iliyovipeleka huko ndiyo hii iliyo mlangoni mwenu.

Ugiriki iko karibu zaidi, kwa sababu kule nako wamepaka chokaa na kujenga viti vya mawe ukutani. Tatizo ni mwanga. Nyeupe kali ya kuta zote, ndani na nje, karibu na ikweta hivi huumiza macho kufikia saa tano. Nyumba ya Lamu hucheza na kivuli: kiwandani kweupe, msanani (ukumbi unaotazama kiwanda) hafifu, ndani kabisa kiza cha kupoa. Kwa hiyo chokaa safi iwe kiwandani, na vyumbani tieni manjano kidogo mpaka ifanane na samli iliyoganda. Mume wako apewe buluu yake kwenye mbao za madirisha, au ukuta mmoja wa darini, aridhike.

Badala ya sofa, jengeni baraza. Iende ukuta mrefu mmoja, tuseme mita tatu na nusu kati ya zile sita, isizibe mlango. Kina sentimita 75, ili mtu aweze kukunja miguu au kulala adhuhuri. Mawe yafike kimo cha sentimita 35, godoro la sponji la sentimita 10 liongezwe juu yake, jumla 45, ambayo goti la mtu mzima hulikubali. Hapo chumba cha sentimita 260 kimebaki na 185 za kupita na kuweka meza. Sponji iwe ngumu, ya kilo 30 hivi kwa mita ya ujazo. Laini hushuka baada ya msimu mmoja na mgeni huhisi jiwe. Likatwe vipande viwili au vitatu, kwani kipande kimoja cha mita tatu na nusu hakianikiki.

Foronya zake zishonwe kwa marekani nzito, kile kitambaa cha pamba kisichotiwa rangi, na hapa kuna kosa linalorudiwa kila siku: kitambaa hukatwa kikiwa kipya. Pamba hiyo ikifuliwa mara ya kwanza hupungua, pengine sentimita tano katika kila mita, na foronya ya sponji ya mita moja na robo haiingii tena. Ilowekwe usiku kucha, ianikwe, ipigwe pasi, ndipo ipimwe. Zipu iwe ya plastiki na iende urefu wote wa nyuma, isiwe upande mfupi, ili mtunza nyumba aivue bila kupigana nayo. Matakia ya kuegemea yajazwe sufi, kama gramu 700 kwa takia la sentimita 50. Sufi hujikusanya ikipata unyevu, lakini saa mbili za jua na kibao cha mkono huirudisha. Sponji iliyovunjwavunjwa haina dawa hiyo.

Sakafuni mikeka ya ukili inatosha. Chini ya mkeka usiweke kitu kingine, na uinuliwe kila kunapofagiliwa.

Mwanga ndio huharibu nyumba nyingi zilizopambwa vizuri. Taa moja ya mrija katikati ya dari hufanya hata zidaka (vishubaka vya ukutani) zionekane kama rafu za duka la dawa. Wekeni taa tatu nne ndogo, chini ya usawa wa macho ya mtu aliyesimama, balbu za wati 5 hadi 7 zenye mwanga wa manjano, zile zilizoandikwa 2700K. Moja ifichwe ndani ya kidaka, moja iwe sakafuni nyuma ya chungu. Mkiwa na hamu ya zidaka na ukuta hauna, msichimbe ukuta unaobeba dari. Jengeni uso mpya mbele ya ukuta, kina sentimita 15, na fundi wa nakshi achonge plasta ya mwisho ingali bichi. Kisha viacheni vingine vitupu. Kidaka chenye sahani moja huonekana, vyote vikijaa havionekani kimoja.

Vyumba vya kulala: vitanda vya futi 5 kwa 6 na vyandarua vya mraba, si vile vya duara vinavyoning'inia kama mwavuli. Cha duara hupendeza pichani, lakini usiku humgusa mlalaji begani, na mbu huuma kupitia matundu pale ngozi inapogusa wavu. Cha mraba hukaa mbali na mwili na hupitisha upepo wa feni. Kamba zake zifungwe kwa kuzunguka boriti. Ikibidi kulabu, toboeni kwanza kwa keekee ya milimita 3 kwa kulabu ya milimita 5, maana mkoko mkavu hupasuka. Mkiona unga laini unaodondoka kitandani kutoka kwenye boriti, huyo ni mdudu, na mara nyingi amejificha chini ya gome lililoachwa. Gome libanduliwe, mti upakwe dawa ya boraksi, halafu mpambe.

Vyuma vyote viwe vya shaba au chuma kisichoshika kutu cha daraja la 316. Skurubu ya kawaida Shela haimalizi mwaka kabla ya kulia machozi mekundu kwenye mbao. Mbao zenyewe zipakwe mafuta ya kitani badala ya vanishi ya kung'aa, ambayo juani huchunika kama ngozi iliyoungua. Kuna watakaoshauri sifa (mafuta) ya papa, kwa kuwa majahazi yamedumu nayo. Ni kweli yamedumu, na ni kweli pia kwamba hakuna anayelala na jahazi chumbani.

Mbao kuukuu za majahazi hutengeneza meza nzuri. Zioshwe kwa maji matamu mara kadhaa, misumari ing'olewe, ama sivyo chumvi itaendelea kutoka kama kwenye ukuta wenu. Gamba la kasa msinunue, ni haramu kwa sheria za Kenya. Na mtu akiwaletea fremu ya mlango wa kale kwa bei ya kutupa, kumbukeni kuwa Sheria ya Makumbusho na Urithi wa Taifa ya 2006 inazilinda fremu zilizochongwa kwa mtindo wa Kiafrika au wa Mashariki kabla ya 1946. Waulizeni Makumbusho kabla ya kulipa. Kuna mafundi wa nakshi Lamu wanaochonga mpya, na mlango mpya una faida ya kufungwa vizuri.

Dari ya makuti isubiri hadi Januari kama pesa zimekwisha. Kitu kimoja tu kifanyike sasa: kagueni mteremko. Chini ya digrii 40 hivi, maji hukawia juu ya makuti na kuyaozesha, na hakuna mapambo ya chini yake yatakayosalimika. Mishumaa na mafuta ya taa visipande huko.

Nyumba mtaifunga mara nyingi, kwa hiyo mtunza nyumba apewe orodha fupi kabla ya kupewa mshahara wa kwanza. Madirisha yafunguliwe pande zote mbili mara mbili kwa wiki, saa nne hadi saa kumi. Magodoro yasimamishwe, yasilale kwenye mbao. Makabati yaachwe milango wazi. Matakia ya sufi yapate jua kila baada ya wiki mbili. Shuka zisihifadhiwe Shela wakati wa masika. Zirudi nanyi Mombasa.

Tumefika kwenye leso za mavyaa. Kukata yafaa, ila kwa adabu ya leso. Zifueni kwanza, kila rangi peke yake, mpaka maji yatoke safi, la sivyo nyekundu yake itahamia kwenye marekani ya baraza. Leso moja ina sentimita kama 150 kwa 110, na ndani yake mna pindo, mji (sehemu ya katikati) na jina (maneno yaliyoandikwa). Kwa takia la sentimita 45 kateni 48 kutoka kwenye mji, mbele leso, nyuma marekani, ili takia lisiteleze. Lenye jina msilikate katikati. "Mgeni njoo, mwenyeji apone" ikiingia kwenye mshono ikabaki "mwenyeji apone" peke yake, wageni watauliza mwenyeji anaumwa nini. Leso zenye majina mazuri zitundikwe nzima juu ya kichwa cha kitanda, kwenye ufito uliopitishwa ndani ya upindo, na zisielekezwe jua la magharibi, maana hupauka.

Doti 8 ni leso 16, na majina hayo 8 yamechaguliwa na mtu. Zisome zote, ukiwa peke yako, kabla hazijafika kwa fundi cherehani. Ukikuta ile ya "Hasidi hana sababu", usiiweke kwenye chumba cha wageni wanaolipa. Na kama ziko mbili za namna hiyo, mwite mume wako azisome naye.